Umanjano Usiokwisha

Rula alifika kwenye maabara ya idara ya maji saa mbili na robo asubuhi, jalada kwapani, viatu vinang'aa, na shaka hakuwa nayo hata ya dawa.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Kituo kizima, kuanzia Mkuu wa upelelezi hadi mama wa chai, walimwita Rula kwa sababu ya ile rula ya chuma aliyoichomeka kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake huchomeka kalamu. Alipima nyayo, alipima nyufa za madirisha, alipima umbali kati ya kitanda na mlango. Makuruta aliwafundisha kwamba binadamu husema uongo lakini rula haisemi, nao makuruta, wakiwa ni watu wa kuandika kila wanachoambiwa, waliandika.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa mahakama ingesikiliza rufaa ya mtu mmoja aliyeitwa Pipa, mfanyakazi wa kiwanda cha vioo, ambaye alikuwa amekaa gerezani miezi kumi na moja kati ya miaka minne aliyohukumiwa kwa kuiba madini ya fedha ya tajiri wake. Rula ndiye aliyempeleleza. Maelezo ya Rula ndiyo yaliyomfunga. Kilichobaki ni kuyasaini upya, kazi ya dakika moja, lakini dada mkubwa wa mfungwa alikuwa ameandika barua ya mstari mmoja: *Afande, njoo uone kwa macho yako, nusu saa tu.* Mkuu alikuwa amesema, "Nenda ukamsikilize, Rula, wasije wakasema tuliziba masikio." Basi Rula akaenda kumsikiliza, kama mtu anayekwenda kumpa mkono mfiwa asiyemjua.

Dada mkubwa alikuwa mpima maji. Mwanamke mfupi, koti jeupe lililofuliwa mpaka likaanza kupitisha mwanga, miwani imefungwa uzi kwenye kona. Hakuinuka.

"Karibu, afande. Kaa hapo. Meza usiiguse."

"Asante, dada. Pole na matatizo."

"Tumeshapoa. Ulimwambia nini hakimu?"

Rula alifungua jalada, ingawa hakuwa na haja, maana maneno yale aliyajua kwa moyo. "Kiwanda kinakusanya fedha inayobaki kwenye maji ya kupaka vioo. Zamani walikuwa wakiigandisha kwa chumvi ya mezani, inakuwa unga mweupe. Mwenye kiwanda akabadilisha, akaanza kutumia kromati, chumvi nyingine ya manjano, inakuwa unga mwekundu. Mwaka huo ikapotea kilo moja na gramu mia saba. Mshtakiwa alidai labda imeondoka na maji ya kuoshea. Nikatazama kwenye jedwali la kemia. Kila chumvi ngumu kuyeyuka ina namba yake, inaitwa zao la umumunyifu. Ya nyeupe ina sufuri tisa baada ya nukta. Ya nyekundu ina sufuri kumi na moja. Ni ndogo mara mia na sitini na zaidi. Nikasema..." Hapo akakohoa kidogo, maana sentensi hii aliipenda. "Nikasema, haiwezi kuondoka na maji, kwa hiyo iliondoka na mtu."

"Na mtu mwenye ufunguo wa chumba cha mapipa alikuwa mmoja."

"Mmoja tu. Na siku zilezile akaezeka nyumba kwa mabati mapya."

"Mabati nilinunua mimi," dada akasema. "Risiti ina jina langu. Hukuniuliza." Akavuta chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. "Haya, tuache mabati. Njoo huku. Kazi yangu ya kila asubuhi ni kupima chumvi kwenye maji ya visima. Haya ni ya kisima. Chumvi ipo ndani. Natia na kromati, matone machache, maji yanakuwa ya manjano, unaona? Sasa juu, kwenye huu mrija, kuna maji ya fedha. Nikiyaachia yadondoke, fedha itawakuta wawili wanaitaka. Mmoja ataifanya nyeupe, mwingine nyekundu. Nani ataishika kwanza?"

"Yule asiyeyeyuka."

"Sawasawa. Kwa namba yako, rangi gani itatangulia?"

"Nyekundu," akasema Rula, bila hata kupepesa.

Dada akafungua kidogo kifungulio cha mrija. Tone la kwanza lilipogusa maji, doa jekundu likachanua pale pale.

"Umeona?" Rula akasema. Alijitahidi asitabasamu, maana haikuwa adabu.

Dada alitikisa chupa mara moja, doa likafutika. Maji yakawa na ukungu mweupe. Tone la pili, doa, mtikiso, nyeupe. La tatu, la nne, la kumi. Maji yalizidi kuwa mazito na meupe kama uji wa mgonjwa, na kila wekundu uliojaribu kuchungulia ulirudi ulikotoka. Tone la thelathini na kitu, Rula alikwisha kupoteza hesabu, ndipo wekundu ulipoingia ukakaa.

"Sasa chumvi imekwisha," dada akasema. "Ndiyo maana nyekundu imepata nafasi. Chumvi ikiwapo, nyekundu haikai, inayeyuka na kumwachia mwenzake. Miaka kumi na tisa nafanya hivi kila siku ya kazi. Kama namba ile ingesomwa hivyo unavyoisoma wewe, kipimo hiki kisingekuwepo, na mimi ningekuwa nauza vitumbua."

"Labda kisima hiki kina kitu kingine."

"Labda." Akachukua kisahani chenye unga mwekundu wa rangi ya tofali, akaumwagia maji yenye chumvi ya mezani, akakoroga kwa kijiti. Wekundu ukapauka, ukawa waridi, ukawa mweupe, na maji ya juu yakawa ya manjano. "Na hapa kuna kitu gani kingine?"

Rula alitazama kile kisahani muda mrefu. Alikuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi ulikuwa umekaa mbele yake umekunja nne. Hata hivyo namba ni namba. Sufuri kumi na moja ni nyingi kuliko tisa, hilo hata mtoto wa chekechea haliulizi.

"Nipe hiyo rula yako," dada akasema.

Hakuna aliyewahi kumwomba. Aliitoa.

"Pima kile kigae cha ukutani. Upande mmoja."

"Sentimita kumi."

"Sasa lile kasha la glavu. Ni sawa pande zote."

"Ishirini."

"Kipi kirefu?"

"Kasha. Mara mbili."

"Nipe eneo la kigae. Kwa mita."

"Moja ya kumi, mara moja ya kumi. Moja ya mia."

"Ujazo wa kasha?"

"Moja ya tano, mara moja ya tano, mara moja ya tano." Rula akahesabu. "Moja ya mia na ishirini na tano."

"Ipi ndogo?"

"Ya kasha."

"Basi kasha ni dogo kuliko kigae."

Rula akakitazama kigae, akalitazama kasha.

"Nyeupe," dada akaendelea, kwa sauti ileile ya mtu anayesoma kipimo cha maji, "ni fedha moja na kloridi moja, ile inayotoka kwenye chumvi ya mezani. Namba yake unaipata kwa kuzidisha vitu viwili. Hilo ni eneo. Nyekundu ni fedha mbili kwa kila kromati moja. Unazidisha fedha, mara fedha, mara kromati. Vitu vitatu. Huo ni ujazo. Na vitu vyenyewe ni vidogo kuliko moja, kila ukizidisha vinazidi kusinyaa. Ulilinganisha eneo na ujazo, afande, ukasema namba ndogo ndicho kitu kidogo. Pima upande."

Akamsukumia karatasi na kikokotozi. Rula akahesabu mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Nyeupe: kipeuo cha pili. Nyekundu: gawanya kwanza kwa nne, kwa sababu fedha ni mara mbili ya kromati na mbili mara mbili ni nne, kisha kipeuo cha tatu. Alifanya mara ya kwanza. Akafanya mara ya pili, akiomba kimoyomoyo awe amebonyeza vibaya. Nyekundu iliyeyuka mara tano zaidi ya nyeupe. Na kwa kuwa kila chembe yake ilibeba fedha mbili, fedha iliyoingia kwenye maji ilikuwa karibu mara kumi. Miligramu kumi na nne kwa kila lita.

Aibu ilianzia masikioni. Yalimwaka kana kwamba yamefinywa na mwalimu, kisha joto likashuka shingoni, likaingia kwenye kola aliyoipiga pasi mwenyewe alfajiri. Alikumbuka makuruta arobaini wakiandika, *kwa hiyo iliondoka na mtu*, na yeye akisimama mbele yao mikono nyuma, akiwarudia polepole ili wasikose neno.

"Maji yalikuwa mangapi?" dada akauliza.

"Lita mia nne kwa siku. Ya mvua, kwa sababu bomba lao lina chumvi. Siku mia tatu." Hakuhitaji kikokotozi. Laki moja na ishirini elfu, mara kumi na nne. "Kilo moja na gramu mia sita na themanini."

"Na tajiri alilalamikia ngapi?"

"Kilo moja na mia saba."

Nje, mtu alikuwa akifyeka majani chini ya dirisha.

"Lita mia nne," dada akasema. "Unga wa kujaza ndoo, unaoshwa kwa lita mia nne kila siku. Hukujiuliza kwa nini mtu aoshe hivyo?"

Rula aligeuza kurasa. Ukurasa wa nne, maelezo ya mtuhumiwa, mwandiko wa Rula mwenyewe, mzuri, ulionyooka. *Bosi aliniambia nioshe mpaka umanjano uishe kabisa ndiyo nimwage. Mimi naosha lakini umanjano hauishi. Nilimwambia bosi, huu umanjano hauishi.* Na pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja alilolipigia mstari kwa rula: *Visingizio.*

Dada alilisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wake wa meza. Lau angetukana, Rula angeshukuru.

"Hauwezi kuisha," Rula akasema. "Umanjano ulikuwa ni ile nyekundu yenyewe inayeyuka."

"Kila siku akiosha vizuri zaidi, ndivyo alivyozidi kuipoteza. Mdogo wangu hajui kufanya kazi nusunusu. Ndiyo dhambi yake."

Rula alifunga jalada. Upelelezi ulikuwa haujamtoka wote. "Hesabu si ushahidi, dada. Mahakama itauliza fedha iko wapi."

"Hilo ni lako. Mimi napima maji."

*

Mwenye kiwanda alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mnene mwenye cheko la karibu, aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake pamoja na tabia ya kujitazama katika kila kioo alichokipita, na humo vilikuwa vingi.

"Afande Rula! Umekuja kununua kioo au kupima?"

"Kuuliza. Kwa nini uliacha nyeupe ukaenda kwenye nyekundu?"

"Maendeleo, afande. Mzee wangu kila mwaka alikuwa anapoteza kama gramu mia na sitini, mia na sabini. Mimi nikakaa na jedwali, nikaona nyekundu namba yake ndogo zaidi. Nikasema, hapa hata gramu moja haitoki."

"Ulitazama idadi ya sufuri."

"Sasa kingine cha kutazama nini?" Akacheka. "Si hata wewe ulitazama hizohizo?"

Kioo kilichokuwa mbele yao kilimwonyesha wawili wamesimama pamoja, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wamevaa kosa moja kama sare.

"Pipa alikuja kukwambia kuhusu umanjano?"

"Mara mia. Mlalamishi yule. Nikamwambia, rudi ukaoshe tena."

"Ukamwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani? Ni maji tu."

"Yalikuwa yanamwagwa wapi?"

Mwenye kiwanda alionyesha kwa kidevu. Rula akaanzia kwenye chumba cha mapipa, akafuata mfereji wa saruji kwa miguu, akihesabu hatua. Ulitoka chini ya mlango, ukakata uani, ukapita nyuma ya beseni ambalo wang'arishaji vioo walinawia mikono kwa maji ya bomba. Hapo mifereji miwili ilikutana: maji ya mvua kutoka kwenye mapipa, maji yenye chumvi kutoka kwenye bomba. Pamoja yaliingia kwenye shimo la kunasia mchanga, lililo wazi, upana wa meza ya ofisini, kabla ya kwenda barabarani.

Rula alisimama pale. Alikiona tena kile kisahani. Fedha iliyoyeyuka inakutana na chumvi, inageuka nyeupe, haiendi popote.

"Shimo hili lilisafishwa lini?"

"Alikuwa analisafisha Pipa kila mwisho wa mwaka," mwenye kiwanda akasema. "Alikamatwa kabla ya zamu hiyo, na tangu aondoke hakuna anayeosha unga wala shimo."

Alivua koti. Hakumwita mtu. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye saruji yenye maji, akachimba kwa koleo la mkono. Juu kulikuwa na tabaka la zambarau iliyoiva mno, karibu na nyeusi, mahali jua lilipofika. Chini yake tope lilikuwa la kijivu lenye weupe, laini kama unga wa muhogo uliolowa. Aliingiza rula. Sentimita kumi na sita. Alipima na urefu, akapima na upana, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Mama mmoja mng'arishaji vioo alikuwa amesimama na kitambaa chake, akimwangalia. "Mwaka jana ulikuja hapa, afande," akasema. "Ulipita kwenye huo mfereji. Uliuruka, usichafue viatu."

"Nakumbuka, mama."

"Tulicheka sana. Ulivyouruka."

Alijaza chupa tatu, akazifunga kwa lakiri, akaandika saa na mahali. Mama yule alisaini kama shahidi wa kwanza. Mwenye kiwanda alisaini wa pili, na safari hii hakujitazama popote.

*

Dada alikataa kuzigusa. "Mimi ni dada yake. Nikiweka kidole kwenye hiyo lakiri, mwendesha mashtaka atacheka mpaka Jumapili. Mpelekee mkemia wa serikali. Lakini kama umebakiza kijiko kwa ajili ya macho yako, fanya mwenyewe, mimi nitakuelekeza nikiwa nimekaa."

Alikuwa amebakiza kijiko. Aliosha tope, akalitia amonia, akalichuja kwenye karatasi. Maji yalitoka safi, kama hayana kitu, kumbe fedha imeyeyuka ndani yake. Kisha, kwa kuelekezwa, akatia asidi kidogo kidogo, na weupe ukarudi ghafla kama maziwa yaliyoganda. Akaweka kwenye dirisha lenye jua. Kabla chai haijapoa ulikuwa umeanza kuwa zambarau, kama ule unga wa fedha ufanyavyo juani.

Alhamisi asubuhi ikaja barua ya mkemia wa serikali, yenye mihuri miwili: gramu sita za fedha kwa kila kilo ya tope. Kwa vipimo vya Rula, shimo lile lilikuwa na kilo mia mbili na hamsini. Kilo moja na nusu ya fedha ilikuwa imelala uani mwa mwenyewe, juani, mwaka mzima, wakati mtu alikuwa gerezani kwa kuiba.

Mkuu aliisoma barua amesimama. Kisha akakaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Dada yake. Na mkemia. Na mimi."

"Sikiliza, Rula. Mtu atatoka, hilo halina mjadala. Lakini hakuna haja ya kujivua nguo sokoni. Unaandika maelezo ya nyongeza, maneno matatu tu: *Ushahidi mpya umejitokeza.* Umetoka shimoni, tumeupima, tumeuleta. Tutapigiwa makofi. Mwezi ujao wewe unakwenda chuoni kufundisha, au umesahau?"

"Sijasahau, mkuu."

"Basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Andika, uniletee nisaini."

Rula aliandika. Maneno matatu yalikaa vizuri juu ya karatasi, hayamsemi mtu vibaya. Aliyakunja akayatia mfukoni, na badala ya kuyapeleka ofisini kwa Mkuu akaomba gari la kwenda gerezani. Njiani alijiambia kwamba ni utaratibu tu, mfungwa ana haki ya kujulishwa. Hakujiamini.

Chumba cha wageni kilikuwa na meza moja iliyofungwa sakafuni kwa bolti. Pipa aliletwa. Katika jalada alikuwa mtu mzito, na ndiyo maana ya lile jina. Aliyeingia alikuwa amepwaya ndani ya sare, na jina lilikuwa kubwa kuliko mwili. Vidole vyake bado vilikuwa na madoa ya kahawia kwenye kucha, yale ambayo fedha huyaacha na sabuni haiyatoi. Rula aliyaandika mwaka jana kama dalili.

"Shikamoo, afande."

Rula alikuwa mdogo wake kwa miaka saba. Yalimchoma. "Shikamoo ni yako, kaka. Kaa."

"Dada yangu mzima?"

"Mzima. Nimekuja na habari." Alikuwa amepanga maneno, yakamkimbia yote. "Fedha imepatikana. Iko kwenye shimo la mchanga. Hakuna aliyeiba. Kesho utatoka."

Pipa hakupiga kelele, hakulia. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama.

"Kwenye shimo," akasema. "Iliyeyuka?"

"Iliyeyuka."

"Na umanjano?"

"Ulikuwa ndiyo fedha yenyewe inaondoka. Hata ungeosha miaka kumi usingekwisha mpaka unga uishe."

Pipa akatoa pumzi ndefu. "Mimi nilidhani siwezi kazi," akasema. "Kuiba najua sikuiba. Lakini kila nikilala humu naota naosha lile pipa, na maji hayatakati. Nikiamka najiambia, labda nilikuwa nakosea mahali, labda mtu mwingine angeliosha likatakata, na fedha ingeonekana. Wanangu nimewaambia, baba hakuiba. Sikuweza kuwaambia baba hakukosea. Nilikuwa sijui."

"Hukukosea."

"Nani alikosea?"

Swali lilikuwa la kweli. Hakulitega. Rula alihisi karatasi mfukoni, ile yenye maneno matatu yasiyomsema mtu, na masikio yakaanza tena kuwaka.

"Mimi," akasema. "Nilisoma namba mbili zisizolinganishwa nikazilinganisha. Nikajiona najua. Nisamehe, kaka. Nimekuharibia mwaka."

Pipa alimtazama bila hasira wala huruma, kama anavyotazama maji kujua kama yametakata.

"Msamaha tutauona nikifika kwangu," akasema. "Nikishakaa na watoto. Leo sina. Unaandika maelezo mengine?"

"Nimeandika."

"Yanasemaje?"

Rula aliitoa karatasi, akaikunjua juu ya meza. Pipa akaisoma, midomo ikitembea. *Ushahidi mpya umejitokeza.*

"Mpya?" akauliza.

Rula alinyoosha mikunjo ya karatasi kwa kidole gumba.

"Siku ya kwanza ulinikalisha kwenye kiti cha mbao, hata maji hukunipa. Nikakwambia, afande, umanjano hauishi. Nilikwambia mara mbili. Ukaandika, nilikuona unaandika." Pipa aliirudisha karatasi kwa kidole kimoja. "Sitaki uniombe radhi mbele ya hakimu. Andika kwamba nilikwambia."

Rula alichukua kalamu. Alikata maneno yale matatu kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake, kwa mwandiko uleule mzuri wa ukurasa wa nne, akaandika polepole kama anavyowaandikisha makuruta: *Ushahidi si mpya. Umo ndani ya jalada langu tangu siku ya kwanza. Mshtakiwa aliniambia mara mbili kwamba umanjano hauishi. Niliandika pembeni kwamba ni visingizio.* Akaweka saini, tarehe, na namba yake ya kazi.

Pipa aliyasoma yote, kisha akayarudia. Alipofika kwenye *aliniambia* akaligusa kwa ule ukucha wa kahawia.

"Hapo," akasema. "Pigia mstari."

Rula akatoa rula mfukoni, bado ina tope kwenye ncha, akapiga.